Bigwa na kiu ya mbio: Kabla ya kuigusa ‘kontrol boksi’, isikilize injini

UKIPITA Bigwa siku ya mechi ya watani, redio zinapiga kelele kuanzia kwenye vibanda vya chipsi hadi gereji. Filimbi ya mwisho ikilia, Yanga na Simba wanapumzika, inaanza ligi nyingine: Subaru ya nani inakula mlima vizuri?

Ubishi huo una sababu. Barabara ya Kisaki inaanzia hapo hapo Bigwa, inapita kwenye miguu ya Milima ya Uluguru kwenda Matombo na Mvuha. Gari lenye pumzi linajulikana, na lisilo na pumzi nalo linaumbuka mbele za watu.

Zamani dawa ilikuwa bisibisi na kabureta. Siku hizi kijana anatafuta laptopu na waya wa kuchomeka chini ya usukani, aingie ndani ya kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontrol boksi. Na hapo ndipo injini nyingi zinapofia.

KOCHA NDANI YA BOKSI

Kwa lugha ya soka, kontrol boksi ni kocha. Sensa ndio wasaidizi wake: mmoja anapima hewa inayoingia, mwingine joto la maji, mwingine oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kocha anasoma taarifa hizo, anafungua jedwali lake, kisha anaamua mafuta yaingie kiasi gani, plagi iwake wakati gani, na kwenye gari la turbo, msukumo wa hewa uwe mkubwa kiasi gani.

Kutyuni ni kubadili namba za jedwali hilo. Huongezi mchezaji mpya, unabadili maelekezo tu. Kama beki wako anachechemea, mfumo mpya hautamponya.

Sasa angalia jedwali liliandikwa wapi. Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX STI, magari ambayo mashabiki wa mbio za magari nchini wanayafahamu sana, yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangiwa petroli ya okteni ya juu ya huko. Yakinyweshwa petroli ya okteni ndogo, kukiwa na joto, mlima na abiria wanne, mafuta yanaweza kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Inasikika kama kokoto ndani ya kopo.

Sensa ikiusikia mlio huo, kocha anachelewesha moto wa plagi ili kuokoa jahazi. Lakini kijana akiwa ameshaongeza msukumo wa turbo na kuwahisha moto kwa kubahatisha, kocha anaishiwa mbinu. Pistoni inatoboka. Wasiwasi wa asubuhi unakuwa msiba wa jioni: injini imenoki.

ANZA NA VIPIMO

Anayetaka kuanza aiweke laptopu pembeni kwanza. Akague plagi, chujio la hewa, pampu ya mafuta, nozeli, mipira ya turbo inayovuja, na apime mgandamizo wa kila silinda. Taa ya cheki injini ikiwaka, hiyo ni kadi ya njano. Kuifuta kwa mashine bila kutibu tatizo ni sawa na kumficha mwamuzi kadi yake.

Hatua ya pili ni kusoma tu, bila kubadili kitu. Kifaa kidogo cha OBD2 kinachoongea na simu kinatosha kuonyesha joto na mizunguko ya injini kwenye magari mengi. Kwa Subaru nyingi na Evolution zipo programu za bure kama RomRaider na EcuFlash, zinazotumia waya maalumu. Wanaopenda kujenga boksi lao wenyewe wana MegaSquirt na Speeduino.

Tatu, na hii haina mjadala: nakili faili la asili na ulihifadhi sehemu mbili. Hilo ndilo tiketi yako ya kurudi nyumbani. Betri nayo iwe na chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, boksi linaweza kufa.

Nne, badili kitu kimoja, kidogo, kisha pima tena. Mchanganyiko wa kawaida wa petroli ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Turbo ikisukuma kwa nguvu, watyunaji wengi hushusha hadi kati ya 11 na 12, ili mafuta ya ziada yapoze silinda. Bila kipimo sahihi cha moshi, namba hizo ni ramli.

Mwenye Noah isiyo na turbo naye asidanganywe. Injini ya aina hiyo hupata nguvu kidogo mno kwa faili peke yake. Tena kila ukipanda mita 1,000 inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hakuna laptopu inayoongeza hewa mlimani.

SOMO LA JOGINDER

Historia ya Afrika Mashariki inawabeba mafundi wavumilivu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, fundi mwenyewe, alishinda mbio za Safari kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, akiwa na ndugu yake Jaswant. Akashinda tena 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1966 na 1967 ilikuwa zamu ya Bert Shankland wa Dar es Salaam na Peugeot 404. Hawakuwa na laptopu. Walikuwa na masikio, na gari lililokaguliwa nati kwa nati.

Mwisho kuna suala la uwanja. Barabara ya Kisaki ina bodaboda, wanafunzi na akina mama wenye mikungu ya ndizi. Hapo si pa kupimia faili jipya. Pa kupimia ni kwenye mashine ya kupima nguvu, au eneo lililofungwa, mmoja akiendesha na mwingine akisoma namba.

Injini ikinoki, fundi anaifungua, anabadili pistoni, maisha yanaendelea. Mtoto aliyekuwa anavuka barabara hana faili la asili la kumrudisha.