Bilauri ya Maji Iliyookoa Duka la Dawa

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, wala si utajiri. Ukweli wa methali hiyo ulidhihirika katika mji mdogo wa Wall, jimbo la South Dakota nchini Marekani, ambako duka la dawa la mke na mume lilinusurika kufungwa kwa sababu ya maji ya bure.

Katika miji midogo ya Marekani ya zama hizo, duka la dawa halikuwa mahali pa kununulia vidonge na dawa ya kikohozi tu. Upande mmoja alikuwapo mfamasia aliyechanganya dawa kwa mikono yake, akifuata cheti cha daktari. Upande wa pili ziliuzwa soda, kahawa na aiskrimu. Hapo ndipo watu walipokutana na kujuliana hali.

Duka la Wall lilinunuliwa Desemba 1931 na Ted Hustead, mfamasia kijana, pamoja na mkewe Dorothy. Mtaji wao ulikuwa dola 3,000 ambazo Ted alirithi kwa baba yake. Mji wote ulikuwa na wakazi 326. Isitoshe, wakati wenyewe ulikuwa mbaya: uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu mwaka 1929, na ukame uliwafilisi wakulima. Mgonjwa alikuwapo, bali fedha ya kununulia dawa haikuwapo. Mume na mke wakakubaliana kustahimili miaka mitano. Ikiwa biashara haitasimama, watafunga milango na kuhama.

Miaka ikapita, na wateja wakazidi kuwa haba. Kilichouma zaidi ni kwamba barabara kuu haikuwa mbali. Magari yalipita kuelekea Mount Rushmore, mlima ambao nyuso za marais wanne zilikuwa zikichongwa tangu mwaka 1927, lakini ni wachache mno waliogeuza usukani kuingia mjini.

Julai 1936, muhula ukiwa umebakiza miezi michache kutimia, Dorothy alikwenda kupumzika mchana pamoja na watoto. Joto lilikuwa kali mno, na ngurumo za magari zikamnyima usingizi. Badala ya kununa, alijiuliza: je, wasafiri hawa waliotoka mbali katika jua na vumbi wanahitaji nini? Wanahitaji maji baridi! Akarejea dukani na kumshauri mumewe waweke mabango barabarani, watangaze kwamba kwao yapo maji ya barafu bila malipo.

Ted aliona haya kidogo, kwani jambo lenyewe lilifanana na mchezo wa watoto. Hata hivyo alilikubali shauri la mkewe. Akisaidiwa na kijana wa shule, alipaka mbao rangi, akaandika maneno machache kwenye kila ubao, kisha akazisimamisha kwa mfuatano kando ya barabara ili dereva asome kidogo kidogo huku akienda. Kabla hajafika dukani, wasafiri walikuwa wamekwisha kuingia, na Dorothy alikuwa mbioni kujaza bilauri. Aliyekunywa maji bure alinunua aiskrimu. Mwenzake alinunua kahawa. Kiangazi kilichofuata iliwabidi waajiri wasichana wanane wa kuwasaidia.

Sifa za duka hilo zilivuka bahari. Askari waliopelekwa nchi za mbali walisimamisha huko mabango yaliyoonyesha umbali wa kufika Wall, wakikumbuka nyumbani. Nalo duka halikuwasahau, kwani limewawekea waliotumikia jeshi desturi ya kahawa na andazi bila malipo.

Dorothy alifariki mwaka 1995, naye Ted akamfuata mwaka 1999. Kazi yao ilirithiwa na watoto na wajukuu, na duka lile dogo likakua hata likawa linapokea wageni wapatao milioni mbili kwa mwaka. Maji ya barafu yangali ya bure.

Jamaa hiyo haikuwa na fedha ya kuongeza mtaji, wala haikugundua dawa mpya. Ilikuwa na maji, barafu, mke aliyewaza juu ya kiu ya watu asiowajua, na mume aliyekubali kumsikiliza. Laiti Ted angalipuuza shauri lile, mwaka wa tano ungalitimia, na Wall ingalipoteza duka lake la dawa pasipo msafiri yeyote kujua kwamba lilikuwapo.