Ndege mita 20, kuku mita 10

Nilikuwa natafuta jambo jingine kabisa katika kanuni za ujenzi za Afrika Kusini, zile zilizo chini ya Sheria Na. 103 ya mwaka 1977, nikanasa kwenye orodha ya “ujenzi mdogo”. Ni vitu ambavyo ofisa wa majengo anaweza kumruhusu mtu kwa maandishi avijenge bila kupeleka ramani.

Banda la kuku, lisizidi mita za mraba 10. Kizimba cha ndege wa mapambo, 20. Stoo ya kuni au makaa, 10, na kimo kisipite mita mbili. Stoo ya vifaa, 10. Kibanda cha watoto kuchezea, tano. Cha baiskeli, tano vilevile. Banda la gari au boti lililo wazi pembeni, 40. Ukuta, mradi kimo chake kisipite mita 1.8. Chumba cha kubadilishia nguo kando ya bwawa la kuogelea, 10; bwawa lenyewe, halikuwekewa kipimo!

Kwa nini kasuku amzidi kuku maradufu? Sijapata wa kunieleza. Ila orodha nzima inanukia ua wa mtu aliyejaaliwa.

Niliyemsomea ni fundi mzaliwa wa Tanga, anayejenga vyumba vya uani Johannesburg. Ameomba nisitaje jina lake. Alicheka mpaka akashika kiuno.

“Mita ishirini za ndege? Hapo mimi natoa vyumba viwili. Na hiyo kumi, si ndiyo kumi kwa kumi yetu ya kupanga?”

Nikapiga hesabu. Futi 10 kwa 10 ni mita za mraba 9.3. Kweli, ni stoo ya majembe.

“Wateja wangu wote wanataka kitu hichohicho, ndugu yangu. Tofali, bati, mlango mmoja. Ukiingiza toroli, ni stoo, mambo mepesi. Ukiingiza godoro, basi leta ramani, lipa, subiri. Na ukuta ni uleule.”

Nikamwambia sheria nayo ina hoja: toroli halifi kwa moshi. Akaacha kucheka.

“Nalijua hilo. Ndiyo maana dirisha langu mtu mzima anapita, hata mwenye nyumba akinuna. Umeme sigusi, namwita mwenye kazi yake. Lakini mpangaji akihamia analeta jiko, analeta hita, mimi nishaondoka.” Akatulia kidogo. “Na ramani si kinga. George je?”

Huko, katika mji wa George, Mei 2024, jengo la ghorofa tano liliporomoka likiwa bado linajengwa, likaua watu 34. Ramani yake ilikuwa imepitishwa.

Basi chumba cha uani kikishika moto, ataulizwa nani?

“Mwenye nyumba atasema aliagiza stoo. Mimi nitasema nilijenga stoo. Halafu watauliza, huyu mtu alikuwa anafanya nini stoo usiku.”