Kakuma: Miaka zaidi ya 30, bado mgeni

Aprili 1959 Jomo Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung, akahamishiwa Lodwar. Hakuwa mfungwa tena na nyumba alipewa, ila hakuruhusiwa kuvuka mipaka aliyowekewa na serikali ya kikoloni. Miaka miwili baadaye alipelekwa Maralal. Nyumba ile ingalipo Lodwar. Lakini siwezi kusema kwamba Mzee aliishi Lodwar. Alikaa hapo kwa amri, akingoja wengine waamue kesho yake.

Ukiifuata barabara ya Lokichoggio kilomita 120 hivi, unafika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako amri ya namna hiyo imewabana watu tangu 1992. Mwaka huo walifika vijana waliokimbia vita vya Sudan, wengi bila wazazi, baada ya kufukuzwa na vita tena huko Ethiopia. Wakafuata Wasomali, Wakongo, Warundi na wengine. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa 2016.

Mtoto aliyezaliwa kambini 1993 sasa ni mzazi. Anasema Kiswahili, amefanya mitihani ya Kenya, na joto la Turkana analijua kuliko nchi ya wazazi wake ambayo hajawahi kuiona. Akitaka kwenda Nairobi, aombe kibali. Akifundisha katika shule ya kambi, hulipwa posho iitwayo insentivu, sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwalimu Mkenya. Wala Katiba ya 2010 haimhesabu raia wa kuzaliwa, maana lazima mzazi mmoja awe Mkenya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kakuma tumemnyima mgeni jembe kwa zaidi ya miaka 30, kisha tunamlaumu kwa kungoja mgao. Na hata hivyo hakukaa bure: utafiti wa 2018 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulikuta biashara zaidi ya 2,000 humo.

Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ni ushahidi wa kinachowezekana mgeni akipewa jembe. Baada ya njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, wafugaji waliopoteza mifugo walikusanyika kando ya Ghuba ya Ferguson kupata chakula cha msaada. Wakapata na nyavu. Wengi hawakurudi malishoni. Wakawa wavuvi, wakaunda chama cha ushirika, na wajukuu wao kwao ni Kalokol. Kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa fedha za Norway miaka ya 1980 kilikwama mapema, kwa sababu kugandisha samaki katika joto lile kulikuwa ghali mno. Kiwanda kilikufa, wavuvi wakabaki, wakikausha samaki wao juani.

Najua atakayejibu kwamba wale walikuwa Waturkana katika ardhi yao. Ni kweli, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ardhi ni ya jamii, maji ni haba, na mama Mturkana anayebadilishana kuni kwa unga wa mgao huenda ana njaa kuliko mkimbizi anayezichukua.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango wa kazi, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaahidi kuzigeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Nauunga mkono. Serikali ianze na vibali vya kusafiri na kufanya kazi, kabla ya majengo. Visima, shule na zahanati ziwahudumie Waturkana sawasawa na wakimbizi, na ardhi isikatwe kabla wazee wa jamii hawajakubali.