Ubunifu wa picha: Anza na bango la jirani

Huna kompyuta? Usijali. Ukiwa Majengo, Pumwani, simu yako inatosha kuanza kubuni mabango na kadi. Canva ina huduma za bure. Ukipata kompyuta baadaye, Inkscape na GIMP pia hazilipiwi.

Darasa lenyewe liko hapo nje. Shuka Gikomba uangalie mabango ya wauza mitumba. Lipi linasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara? Utakuta lina maneno machache, herufi nene na rangi mbili tatu. Lile lisilosomeka, libuni upya nyumbani. Hilo ni zoezi lako la kwanza.

Sasa tuseme muuzaji mmoja amekupa kazi ya vipeperushi 100. Hapa ndipo wengi huungua. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapisha hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kijani kilichong'aa kwa simu hutoka kimefifia kwa karatasi. Kwa hivyo chapisha nakala moja kwanza, mteja aikubali, ndipo utoe zile 99. Ukiruka hatua hiyo, hasara ni yako.