Simu iliyosawazisha bei ya dagaa

Msomaji wa Kigamboni anauliza: kuna utafiti wowote wa chuo kikuu unaoonyesha kwamba simu humwongezea mvuvi kipato, au wanaonufaika ni wenye kampuni za simu tu? Upo, tena wa dagaa. Mchumi Robert Jensen, wakati huo akiwa Harvard, aliuchapisha mwaka 2007. Twende Kerala, India.

Jumanne tarehe 14 Januari 1997, wavuvi 11 waliofika diko la Badagara walikosa wanunuzi, dagaa wao wakatupwa. Asubuhi hiyohiyo, kwenye madiko yasiyozidi kilomita 15 kutoka hapo, wachuuzi 27 walikuwa wakijiandaa kuondoka mikono mitupu. Mnada ni wa alfajiri, saa mbili umekwisha. Dagaa hawalali, mafuta ni ghali, na aliyekwishatia nanga hapa hana tena muda wa kujaribu bahati kwingine.

Chukua mapipa mawili ya maji, moja limejaa pomoni, jingine limebaki robo. Yakikaa mbalimbali yatabaki hivyohivyo. Yaunganishe kwa mpira chini, maji yatahama yenyewe mpaka yalingane. Dagaa ndio maji, simu ndiyo mpira. Mvuvi angali baharini anapiga simu diko la kwanza, la pili, la tatu, kisha anageuza chombo kufuata bei nzuri. Anakotoka dagaa wanapungua, bei inapanda. Anakokwenda wanaongezeka, bei inashuka. Na utamu wenyewe ni huu: hata mvuvi asiye na simu ananufaika, maana maji yakilingana yamelingana kwa wote wanaochota. Inabaki tofauti ndogo tu ya bei, kiasi cha mafuta ya kwenda diko la pili. Chini ya hapo mpira haupitishi kitu.

Kitendo hicho cha kukimbilia bei nzuri tukiiteje? Ulanguzi lingefaa, lakini tangu msako wa walanguzi na wahujumu uchumi hapa Tanzania mwaka 1983 neno hilo linanuka uhujumu, na mvuvi huyu hajaficha sukari ya mtu. Mimi nasema ufuatabei. Mhariri amekunja uso.

Kabla ya simu, asilimia 5 hadi 8 ya dagaa walikuwa wakitupwa. Baadaye, karibu hakuna. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8 hivi, na mlaji akalipa asilimia 4 pungufu. Ni kweli, watafiti waliorudi Kerala miaka ya baadaye waliwakuta wavuvi waliofungwa na madeni kwa madalali, wasioweza kuchagua soko hata wakiwa na simu mkononi. Tuendelee.

Jensen alijuaje kwamba ni simu, si msimu mzuri? Minara ilisimikwa kwa zamu: Kozhikode 1997, Kannur 1998, Kasaragod 2000. Kila wilaya bei zilitulia mnara wake ulipowashwa, si kabla. Kasaragod walisubiri miaka mitatu, na kwa miaka hiyo yote bei zao ziliendelea kurukaruka.