Yaya Naye Atazeeka

Kila mwaka siku ya Mei Mosi wafanyakazi wa Tanzania hutoka kwa maelfu, mabango mikononi, wakidai mishahara ya haki na mafao ya uzeeni. Nasi twasimama pamoja nao, kwa kuwa madai hayo ni ya haki. Lakini leo twataka kuuliza swali moja ambalo si rahisi kulikuta kwenye mabango hayo. Wakati sisi tunaandamana, ni nani aliyebaki nyumbani akiwaangalia watoto wetu, akifua nguo zetu na kutupikia chakula cha mchana? Na huyo naye, mafao yake ya uzeeni yako wapi?

Mara nyingi jibu twalijua: hayapo. Mfanyakazi ambaye angepandwa na hasira kama mwajiri wake angeacha kumpelekea michango kwa mwezi mmoja tu, yeye mwenyewe ana yaya nyumbani mwaka wa sita sasa, wala hajampelekea hata senti. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Yafaa tukumbuke kwamba watumishi wa nyumbani si wageni katika harakati za wafanyakazi wa nchi hii. Mwaka 1939, chini ya utawala wa kikoloni, wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam waliunda chama chao. Wakati huo mtu mzima mwenye watoto aliitwa "boi" na tajiri wake. Jina hilo tumelitupa. Lakini kulitupa jina na kuyabakiza mambo yenyewe ni kazi ya nusu.

Sheria ya Tanzania Bara haina shaka katika jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi kwamba mwajiri ni mwenye kiwanda peke yake. Anayemlipa mtu mshahara ili amfanyie kazi ni mwajiri, ijapokuwa kazi yenyewe ni kubembeleza mtoto. Mwajiri huyo ana wajibu wa kuandika masharti ya kazi. Asipoandika, na shauri likafika mbele ya wasuluhishi, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha yale waliyoagana. Ana wajibu wa kutoa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma na likizo ya siku 28 kila mwaka. Na mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, hata kama wazazi wake wameridhia.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi wetu tunapogeuza uso. Mwajiri anadaiwa mambo mawili: mchango wa hifadhi ya jamii na kodi ya mapato.

Mchango hupelekwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1997 kuchukua nafasi ya mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1964. Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri haruhusiwi kumkata mtumishi zaidi ya asilimia 10. Inayobaki yatoka mfukoni mwake mwenyewe. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri wake, na 60,000 kwa yule anayelala hapo. Wale wa mabalozi na maofisa wakubwa wakawekewa viwango vya juu zaidi. Viwango hivi hubadilishwa kila baada ya muda, na kila mwajiri apaswa kuuliza kile kilichopo.

Tuchukue hizo 120,000 kuwa mfano. Mchango wa mwezi ni shilingi 24,000: 12,000 za mtumishi na 12,000 za mwajiri. Kwa mwaka ni 288,000. Kwa miaka kumi ni 2,880,000. Haba na haba hujaza kibaba. Tena si akiba tu. Mwanachama aliyetimiza masharti ana mafao ya uzazi na ya ulemavu. Akifariki, watu wake wana mafao ya urithi. Na akitimiza miezi 180 ya michango na kufikia umri, ana pensheni ya kila mwezi. Yule ambaye hakuchangiwa atarudi kijijini na sanduku lake la nguo.

Ama kodi ya mapato, wengi wanaiogopa bure. Tangu Julai 2020 mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi hiyo. Basi yaya wa mfano wetu hadaiwi chochote. Lakini mwenye mpishi au dereva wa nyumbani anayelipwa 400,000 apige hesabu. Atoe kwanza mchango wa mtumishi, 40,000, zabaki 360,000. Kati ya hizo, 90,000 zimezidi kiwango, na kwa kima cha asilimia 8 kodi ni shilingi 7,200. Fedha hiyo ifikishwe kwa Mamlaka ya Mapato kabla ya tarehe 7 kupita katika mwezi unaofuata. Anayeikata na kuitia mfukoni amewaibia wawili: mtumishi wake na Taifa.

Twajua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema, "Namlisha na kumlaza." Ni kweli, lakini ugali wa leo haumlishi mtu akiwa na miaka 60. Wa pili atasema, "Huyu ni binti wa shangazi yangu." Ikiwa ni ndugu yako, basi una sababu moja zaidi ya kutomdhulumu. Wa tatu atasema, "Mwenyewe hataki akatwe." Labda hataki kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba kila shilingi inayotoka kwake itafuatwa na ya mwajiri. Wa nne atasema mshahara wake mwenyewe ni mdogo. Huyu twamwonea huruma. Lakini umaskini wa mwajiri haujapata kuwa ruhusa ya kula jasho la aliye maskini kuliko yeye.

Wala jambo hili si la Tanzania peke yake. Marekani ilipotunga sheria yake ya hifadhi ya jamii mwaka 1935, watumishi wa nyumbani waliachwa nje, na wengi wa walioachwa walikuwa weusi. Wakaanza kuingizwa mwaka 1951. Januari 1993 Zoë Baird, aliyependekezwa na Rais Clinton kuwa Mwanasheria Mkuu, alilazimika kujitoa baada ya kujulikana kwamba aliajiri yaya na dereva wasio na kibali cha kufanya kazi nchini, na hakuwalipia michango kwa wakati. Nao Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, mjini Geneva, ulipitisha Mkataba Namba 189 wa haki za watumishi wa majumbani tarehe 16 Juni 2011.

Basi twawaambia wenzetu, na viongozi kwanza, maana anayehutubia juu ya unyonyaji hana budi kuanza kwake: andikeni mkataba, mwandikisheni mtumishi wenu, pelekeni mchango kila mwezi, na stakabadhi mwonyesheni kwa macho yake. Mei Mosi ijayo, kabla ya kushika bango, kila mmoja wetu apitie jikoni kwake aulize kama anayempikia chai amekwisha pata kadi ya uanachama.