Mwalimu wa Magdalene Odundo

Wahenga walituusia kuwa udongo uwahi ungali maji. Methali hiyo tumezoea kuitumia tuzungumziapo malezi ya watoto. Leo tuutazame udongo wenyewe, kwa kisa cha mwanafunzi aliyesafiri mbali ili afundishwe kuufinyanga.

Magdalene Odundo alizaliwa nchini Kenya mwaka 1950. Baada ya kusomea sanaa ya matangazo ya biashara, alikwenda Uingereza mwaka 1971 kuendelea na masomo, na huko akavutwa na ufinyanzi. Mfinyanzi Mwingereza, Michael Cardew, alimshauri aende Nijeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha yeye mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika mji wa Abuja, ambao siku hizi huitwa Suleja. Mwaka 1974 Magdalene akafunga safari.

Hapo alimkuta Ladi Kwali. Mama huyu wa kabila la Wagwari aliijua kazi yake tangu utotoni, akiirithi kwa wanawake wa ukoo wake. Mwaka 1954 aliingia katika kituo hicho, akiwa mwanamke wa kwanza kupokelewa.

Je, msomaji, umepata kumwona mfinyanzi wa namna hii akiwa kazini? Ladi Kwali alichukua bonge la udongo, akalididimiza kwa ngumi, akazivuta kuta zake juu. Kisha aliongeza kamba nene za udongo, moja juu ya nyingine, akizilainisha. Chungu hakikuzungushwa kwa gurudumu. Aliyezunguka ni mfinyanzi mwenyewe, ameinama, akirudi kinyumenyume hatua kwa hatua. Mwishowe alichora mijusi, nge na mamba ubavuni mwa chungu.

Magdalene alikuwa ametoka katika vyuo ambako ustadi hupimwa kwa gurudumu na tanuri. Hapa aliona kuwa mikono mitupu inaweza kutoa umbo lililo sawia. Fundisho hilo hakuliacha. Mpaka leo hujenga vyungu vyake kwa mkono, huvisugua hadi ving'ae, kisha huvichoma. Moto wenye hewa ya kutosha huvipa rangi nyekundu. Vikichomwa tena kwa hewa haba, hugeuka vyeusi. Kazi zake zimehifadhiwa katika majumba makubwa ya makumbusho.

Na mwalimu wake? Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku Ladi Kwali shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1984, na picha yake akifinyanga imechapwa mgongoni mwa noti ya naira 20.

Sasa tujiulize sisi wazazi. Wanawake wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, nao ni mabingwa wa vyungu. Katika nyumba zetu nyingi yupo bibi ajuaye kufinyanga, kusuka ukili au kufuma vikapu, lakini mjukuu haketi naye, kwa kuwa tumemzoeza kuamini kwamba ujuzi hutoka shuleni tu. Magdalene alipitia Ulaya ndipo akamfikia mwalimu wa Kiafrika. Wanetu hawana haja ya kuzunguka kiasi hicho. Mpeleke mtoto akae karibu na bibi yake, achafue mikono, akosee, aanze upya. Bibi hatakuwapo milele, na udongo ukikauka haufinyangiki.